Asilimia moja ya dola milioni 600: uchambuzi wa kisa cha hati fungani ya Tanzania

Machi 2013 Serikali ya Tanzania ilikopa dola milioni 600 za Marekani kwa kuuza hati fungani kwa wawekezaji wa nje. Mkopo ulikuwa wa miaka saba. Riba yake ilifuata soko: kiwango cha LIBOR cha miezi sita, yaani riba ambayo benki kubwa za London zilikuwa zikikopeshana, na juu yake asilimia 6. Fedha zilikusudiwa kugharamia Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulioanza 2011/12. Waliotafuta wakopeshaji ni benki mbili ndugu, Stanbic Tanzania ya Dar es Salaam na Standard Bank Plc ya London, zote zikiwa chini ya kundi moja lenye makao Afrika Kusini. Ada iliyoandikwa ilikuwa asilimia 2.4 ya fedha zote zitakazopatikana. Ndani ya ada hiyo, asilimia 1, yaani dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni ya Dar es Salaam iitwayo Enterprise Growth Market Advisors, kwa kifupi EGMA. Mahakama ya London ilipokuja kusoma jalada, haikuonyeshwa ushahidi kwamba kampuni hiyo ilifanya kazi yoyote katika mkopo huo.

Kuna visa vikubwa kuliko hiki katika historia ya upigaji Afrika Mashariki. Hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu karibu kila hatua yake iliandikwa, ikasainiwa, ikawekwa kwenye faili, na faili hilo likafika mahakamani. Anayetaka kujua cha juu kinaingizwaje katika deni la taifa, na nani alikuwa na nafasi ya kukizuia, ana vielelezo vya kutosha hapa.

Ada iliyopanda badala ya kushuka

Pendekezo la mwanzo la benki kwa Serikali lilikuwa ada ya asilimia 1.4. Kwa mkopo wa dola milioni 600 hiyo ni dola milioni 8.4, na hicho ndicho kiasi ambacho benki zenyewe zilipata hata baada ya ada kupandishwa. Mazungumzo yalianza kabla ya 2012 na yakawa yanajivuta. Katika mwaka 2012 pendekezo lilirudi mezani likiwa na asilimia 2.4, huku asilimia 1 ikitengwa kwa "mshirika wa ndani". Baada ya hapo mambo yakaenda mbio: barua za kuipa benki kazi zikasainiwa, na miezi michache baadaye fedha zikapatikana.

Mnunuzi anayejadiliana bei hutarajia muuzaji apunguze. Hapa muuzaji alipandisha bei kwa zaidi ya theluthi mbili, na mnunuzi, ambaye ni Serikali, akakubali upesi kuliko alivyokuwa tayari kuikubali ile ya chini. Mkaguzi ambaye angeweka mapendekezo mawili kando kwa kando, lile la 1.4 na lile la 2.4, asingehitaji mtoa siri yeyote. Angeuliza swali moja tu: nini kimeongezeka katika huduma kati ya karatasi hii na ile? Kama jibu ni jina la kampuni, na si kazi mpya, hapo ndipo pa kusimamisha kila kitu.

Ada za mikopo huandikwa kwa asilimia, na asilimia huficha ukubwa. Asilimia moja haimshtui mtu kwenye kikao. Ikiandikwa kuwa dola milioni 6, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 9, kwa kampuni ya wanahisa watatu, mjadala ungekuwa mwingine. Kila barua ya ada inayopita Hazina ingepaswa kuonyesha kiasi kwa tarakimu kamili, kwa shilingi na kwa dola, pamoja na jina la kila atakayelipwa na kazi atakayofanya.

Liko jambo ambalo mijadala mingi ya kisa hiki imelipita. Ada hii ilitoka kwenye mkopo wenyewe. Serikali haikuchukua dola milioni 6 za kodi ikampa mtu. Ilizikopa kwanza, ndipo zikatoka. Mwaka 2013 LIBOR ya miezi sita ilikuwa chini ya nusu ya asilimia, kwa hiyo riba ya jumla ilikaribia asilimia 6.45. Katika kila mwaka ambao mtaji haukuwa umeanza kupunguzwa, zile dola milioni 6 pekee zilizaa riba ya karibu dola 387,000. Mlipakodi alilipa cha juu, kisha akalipa riba ya cha juu, kwa fedha za kigeni, kwa watu wa nje ambao hawakujua kama kipo. Hati walizopewa wawekezaji hazikuitaja EGMA wala malipo yake. Kwa kosa hilo tu la kuwaficha wawekezaji, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza benki ya London dola milioni 4.2.

Nani walikuwa EGMA

Mwenyekiti wake, na mmoja wa wanahisa watatu, alikuwa Harry Kitilya, wakati huo akiwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mkurugenzi mtendaji na mwanahisa mwingine alikuwa mtu aliyewahi kuongoza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mmoja yumo ofisini, mwingine ametoka ofisini karibuni, na wote wanafahamika katika kila mlango wa Wizara ya Fedha.

Kamishna Mkuu wa TRA hayumo kwenye kamati ya mikopo, na hilo huwapa watu nafasi ya kusema kwamba hakuwa na la kuamua. Hoja hiyo ni dhaifu. TRA ni chombo kilicho chini ya Waziri wa Fedha, na takwimu zake za makusanyo ndizo zinazoonyesha Serikali ina pengo kiasi gani la kujaza kwa mkopo. Mtumishi wa ngazi hiyo akimiliki kampuni inayolipwa kutokana na mkopo wa wizara hiyohiyo, mgongano wa maslahi upo hata kama hakunyanyua simu kumpigia mtu. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atangaze maslahi yake katika mikataba na Serikali, na Katiba, ibara ya 132, ndiyo iliyounda Sekretarieti ya Maadili isimamie hilo. Jina la mwenyekiti halikuwa siri ya kuzimu: mtu akilijua jina la kampuni, angeweza kuliuliza kwa msajili wa makampuni. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuuliza.

Maneno "mshirika wa ndani" nayo yanahitaji kutazamwa kwa makini. Katika ujenzi, usafirishaji na ugavi, kumtaka mgeni ashirikiane na mzawa kuna maana: mzawa ana mitambo, ana watu, anajifunza kazi. Kuuza hati fungani kwa wawekezaji wa nje ni kazi inayofanywa kwa simu na mikutano na mifuko ya uwekezaji ng'ambo, na Stanbic Tanzania yenyewe ilikuwa tayari ndiyo mshirika wa ndani wa benki ya London. Kumwongeza mshirika wa ndani juu ya mshirika wa ndani hakukuwa na kazi ya kueleza. Sera nzuri ya kumwinua mzawa ilitumika kama koti la kufunikia malipo, na uchungu wake ni kwamba kila kisa cha aina hii humharibia jina mkandarasi wa Kitanzania anayedai nafasi yake kihalali.

Majalada mawili, kila moja kamili

London ilikuwa na sheria kali tayari. Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya 2010, iliyoanza kutumika Julai 2011, inasema katika kifungu cha 7 kwamba kampuni ina hatia kama mtu anayeifanyia kazi ametoa rushwa ili kuipatia biashara, hata kama wakubwa wa kampuni hawakujua. Kinga yake ni moja: ithibitishe kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Standard Bank Plc ilikuwa na taratibu, zimeandikwa vizuri. Tatizo lilikuwa katika mpaka wake. Zilimtaka mfanyakazi amchunguze wakala au mshauri ambaye benki ya London yenyewe imemwajiri. EGMA iliingia mkataba na Stanbic ya Dar es Salaam. Kwa hiyo London iliona jina, ikaona asilimia, ikadhani ndugu yake amekwisha kuchunguza.

Na ndugu yake? Stanbic iliichukulia EGMA kama mteja anayefungua akaunti. Uchunguzi wa mteja wa akaunti huuliza cheti cha usajili, vitambulisho vya wakurugenzi, anwani. Hauulizi kampuni hii inalipwa dola milioni 6 kwa kazi gani. Jalada la Dar es Salaam lilijibu maswali ya kufungua akaunti, jalada la London likajibu maswali ya kuuza hati fungani, na swali la katikati halikuwa na mwenyewe.

Dalili za hatari zilikuwa mezani pa wote wawili. Mtu wa tatu ameingizwa mazungumzo yakiwa yamekwisha kuanza. Kazi yake haijaelezwa. Malipo yake yanategemea mkopo kufanikiwa. Mnunuzi ni serikali. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji mpelelezi, na afisa wa kawaida wa uzingatiaji sheria hufundishwa kuzitambua zote katika wiki yake ya kwanza. Jaji wa London hakusema kwamba wafanyakazi wa benki ya London walijua kuna rushwa. Kosa lao lilikuwa kutouliza, na sheria ile ilitungwa ili kutouliza kusiwe kinga.

Siku kumi za Machi

Fedha za EGMA ziliingia kwenye akaunti yake Stanbic mwezi Machi 2013. Kati ya tarehe 18 na 27 mwezi huohuo sehemu kubwa mno ilitolewa taslimu. Mamilioni ya dola, noti mkononi, ndani ya siku kumi, na kampuni ambayo ingeweza kulipa gharama yoyote halali kwa hundi au hawala ya benki.

Waliopiga kelele walikuwa wafanyakazi wa Stanbic hapahapa Dar es Salaam. Taarifa yao ilifika makao makuu ya kundi Afrika Kusini, na tarehe 24 Aprili 2013 benki, kupitia mawakili wake, ilikuwa imejisalimisha kwa ofisi ya Uingereza ya kupambana na udanganyifu mkubwa, yaani chini ya mwezi mmoja tangu fedha za mwisho zitoke. Sifa za kisa hiki hupewa waendesha mashtaka wa London. Wanaozistahili kwanza ni makarani na maofisa wa tawi ambao waliona miamala ya mteja aliyeletwa na wakubwa wao wenyewe, na bado wakaandika kwamba haieleweki.

Ila kelele zao zilikuja fedha zikiwa zimeondoka. Hapa pana udhaifu wa kiufundi ambao benki nyingi za kanda yetu bado zinao. Kanuni za kudhibiti utakatishaji fedha haramu zinamtaka afisa atoe taarifa ya muamala unaotiliwa shaka. Taarifa ikishatolewa, muamala unaweza kuwa umekwisha. Kinachozuia ni kikomo cha kutoa taslimu ambacho mfumo wenyewe unakataa kukivuka mpaka mtu wa idara nyingine, asiyehusika na mteja huyo, aidhinishe baada ya kuona hati ya matumizi. Fedha zikishakuwa noti, ushahidi umekatika. Hadi leo hakuna mahakama iliyotaja kwa ushahidi mkono wa mwisho uliopokea noti zile.

London: hesabu safi, mtu hakuna

Tarehe 30 Novemba 2015 Jaji Brian Leveson aliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka kati ya waendesha mashtaka na benki, ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya Uingereza. Benki inakiri maelezo ya kisa, inalipa, inarekebisha taratibu zake chini ya mkaguzi wa nje, na baada ya miaka mitatu mashtaka yanafutwa. Makubaliano yalimalizika 2018.

Hesabu yake inafaa kufuatwa kwa kalamu. Kwanza benki ilirudisha faida yote ya ada: dola milioni 8.4. Kisha faini: jaji alichukua hizo milioni 8.4, akazizidisha mara tatu kufika milioni 25.2, akapunguza theluthi moja kwa sababu benki ilijitokeza mapema, zikabaki milioni 16.8. Kwa Tanzania ilirudishwa ile milioni 6 pamoja na riba ya dola 1,046,196.58. Ukiacha pauni 330,000 za gharama za upelelezi, jumla inazidi kidogo dola milioni 32. Katika kila dola 100 zilizolipwa London, takriban 22 zilikuja nchini ambako madhara yalitokea. Nyingine zilibaki Hazina ya Uingereza.

Fidia ile ilipimwa kwa ada peke yake. Haikupimwa kwa bei ya mkopo. Septemba 2012 Zambia ilikopa dola milioni 750 kwa miaka kumi kwa riba isiyobadilika ya asilimia 5.375, Aprili 2013 Rwanda ikakopa milioni 400 kwa miaka kumi kwa asilimia 6.625, nayo isiyobadilika. Tanzania wakati huo haikuwa na daraja la ukopaji lililotolewa na wakala wa kimataifa, na hilo lazima lihesabiwe kwa haki. Hata hivyo mkopo wake ulikuwa mfupi zaidi na wa riba inayoelea, na LIBOR ilipopita asilimia 2.5 mwaka 2018, kiwango kilivuka asilimia 8.5 kwa salio lililokuwa limebaki. Haiwezekani kusema kwamba rushwa ndiyo iliyopandisha riba. Inawezekana kusema kwamba mshauri anapochaguliwa kwa sababu ya cha juu, yule anayepaswa kuibana benki kuhusu riba, muda na masharti hana tena sababu ya kuibana. Hasara hiyo haikuingia kwenye hesabu ya jaji, na Serikali ilikubali fidia bila kudai hadharani ipimwe.

Dar es Salaam: watu wapo, ushahidi haukusikika

Aprili 2016 Kitilya na watu wawili waliowahi kuwa maofisa wa Stanbic walifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Mashtaka yalikuwa ya kula njama, kughushi, kujipatia dola milioni 6 kwa udanganyifu na kutakatisha fedha. Kutakatisha fedha hakuna dhamana, hivyo walikwenda mahabusu. Mwaka 2019 mashtaka yalifunguliwa upya, wakaongezwa maofisa wawili wa Wizara ya Fedha. Agosti 2020, kwa utaratibu mpya wa kukiri kosa kwa makubaliano uliowekwa na sheria mwaka mmoja kabla, walikiri kuisababishia Serikali hasara na wakaamriwa kulipa shilingi bilioni 1.5. Zaidi ya miaka minne mahabusu kwa walioanza, na siku ya kutoka haikutokana na ushahidi uliopimwa.

Tazama namna kisa kimoja kilivyosimuliwa kwa namna mbili zisizopatana. London ilisema asilimia 1 ililipwa ili kuwashawishi watu wa Serikali waichague benki: Serikali ndiyo mlango rushwa ilipoingilia. Mashtaka ya kwanza ya Kisutu yalisema Serikali ilidanganywa: Serikali ni mhanga asiyejua. Kama ilidanganywa, nani wizarani alisoma barua ya 2.4 akaiona ya kawaida? Kama ilishawishiwa, nani alishawishiwa, na maofisa wawili waliongezwa baada ya miaka mitatu kwa kipi kilichogunduliwa? Kesi iliyosikilizwa hadi mwisho ingelazimika kuchagua. Makubaliano yaliruhusu pande zote kuondoka bila kujibu.

Wapo wanaoona makubaliano yale kama busara ya kuokoa muda. Tunaona tofauti. Mshtakiwa aliyekaa mahabusu miaka minne bila kesi kusikilizwa hana uhuru wa kweli wa kukataa mpango unaomfungulia mlango, na umma haupati kujua kilichotokea. Vita dhidi ya rushwa inayowaweka watu ndani bila kuthibitisha, kisha inawatoa bila kueleza, haimwogopeshi mwizi wala haimlindi asiye na hatia.

Barua ya ada iwekwe wazi

Enzi za ukoloni, mikopo ya Tanganyika iliuzwa London kupitia Crown Agents, na aliyeidhinisha alikuwa ofisini Uingereza. Baada ya Uhuru mamlaka hayo yalikuja kwa Waziri wa Fedha, na Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya 1974 inampa nguvu ya kukopa kwa niaba ya Jamhuri. Bunge hupitisha makadirio ya kiasi cha kukopa katika bajeti. Mkataba wenyewe, na barua ya ada inayoandamana nao, hubaki Hazina. Mazoea ya kutomwonyesha mlipaji masharti ya deni lake yalirithiwa pamoja na ofisi, na kisa hiki kisingewezekana bila mazoea hayo.

Dawa yake haihitaji taasisi mpya. Barua ya ada ya kila mkopo wa kibiashara ipelekwe kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kabla ya kusainiwa, ikiwa na mapendekezo yote ya awali ya benki hiyohiyo, ili bei iliyopanda ionekane. Kila anayelipwa kutokana na mkopo atajwe kwenye hati wanayopewa wawekezaji. Dalali haramu huogopa hati hiyo kuliko TAKUKURU, kwa sababu kuwaficha wawekezaji kunafungua mashtaka Marekani na Uingereza kwa pamoja. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020 kila kampuni inatakiwa kumsajili mnufaika wake halisi, yaani mtu anayeimiliki kwa kweli, kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Basi ofisa wa Hazina alazimike kuambatisha nakala ya usajili huo kwa kila jina lililo kwenye barua ya ada, na Sekretarieti ya Maadili ilinganishe majina hayo na matamko ya viongozi. Malipo ya dalali yazuiwe kwa siku tisini baada ya mkopo kupatikana, yalipwe kwa hawala peke yake, kwa hati ya kazi iliyofanyika. EGMA isingeweza kuitoa hati hiyo.

Na fidia zinaporudi kutoka nje, zitangaziwe matumizi. Fedha za BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, kutokana na kisa cha rada iliyouzwa Tanzania, pauni milioni 29.5, zilirudi kwa mpango ulioandikwa wa kununua vitabu na madawati ya shule za msingi, na mzazi aliweza kwenda shuleni akayahesabu. Dola milioni 7 za hati fungani nazo zinahitaji mstari wake katika vitabu vya Hazina: ziliingia kasma gani, na zilitoka kununua nini.